Baba Yangu wa Somo la Nne

Kila nikipita mahali panaponuka gundi ya viatu, nasimama kidogo. Nimekuwa mtu mzima, nina haraka zangu kama watu wengine, lakini nasimama. Gundi ile ndiyo harufu ya utoto wangu.

Baba yangu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja, kati ya duka la vitambaa na kinyozi. Ndani kulikuwa na rafu tatu. Rafu ya juu ilikuwa ya viatu vilivyokwisha. Ya kati ilikuwa ya viatu vinavyosubiri. Ya chini ilikuwa ya viatu ambavyo wenyewe walivisahau, na baba alikataa katakata kuvitupa.

"Mwenyewe atakumbuka tu," alikuwa akisema. Vingine vilikaa pale tangu sijazaliwa.

Kila siku nikitoka shule nilipitia kwake. Nilikaa kwenye benchi la wateja, miguu yangu ikining'inia. Baba alikuwa amevalisha kiatu kwenye ule mguu wa chuma wa kupigilia, na midomoni amebana misumari midogo. Aliitoa mmoja mmoja, akaipigilia, mpaka mdomo ukawa huru kuongea.

"Redio yangu imefika," alisema. "Haya, leo habari zinasemaje?"

Redio lilikuwa jina langu la utani. Mama ndiye aliyenipa. Alisema nina sauti kubwa, na nyumba nzima haijui kitufe cha kunizimia kiko wapi.

Basi nilisimama wima, nikaweka mikono nyuma, nikaanza kuimba Somo la Nne la kitabu cha lugha ya kigeni. Nasema kuimba kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Mwalimu alisoma mstari, sisi tukaurudia kwa pamoja, naye akagonga rula mezani kutupa mwendo. Tulikuwa darasa la sita, watoto arobaini na mmoja. Tulilijua Somo la Nne kuanzia juu mpaka chini, na wakorofi wetu wawili walilijua hata kuanzia chini kwenda juu.

Baba hakuijua lugha ile hata neno moja. Aliacha shule darasa la tatu. Lakini nilipokuwa nikiimba, alipunguza kugonga. Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Mteja akiingia, baba alimwambia, "Kaa hapo kwanza, msikilize mwanangu." Nami nilianza upya.

Nilijiona mtu. Na yeye alijiona baba wa mtu.

Maana ya somo lile niliijua. Lilisema hivi: "Hii ni familia yangu. Baba yangu ni daktari. Mama yangu anapenda maua. Tuna mbwa mweupe. Jumapili tunakwenda ziwani." Niliijua maana, lakini haikunigusa. Kwangu lilikuwa Somo la Nne tu. Sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba nasema habari za baba yeyote.

Siku moja mwalimu aliingia darasani amebeba ramani ya dunia. Mwalimu wetu alikuwa kijana, mpole, mwenye chaki mifukoni siku zote, hata suruali yake ilikuwa na madoa meupe. Alitundika ramani ukutani. Akachukua uzi mwekundu, akaubana kwa pini mahali tulipo sisi. Akauvuta mpaka upande mwingine wa dunia, akaubana huko.

"Hapa kuna darasa la watoto kama ninyi," alisema. "Wanajifunza lugha hii hii, na kwao pia si lugha ya nyumbani. Wanataka tuandikiane barua."

Darasa zima lililipuka. Tulitaka kujua wanakula nini, wanacheza nini, kama wanachapwa. Mwalimu aligonga rula.

"Mtaandika habari za familia zenu," alisema. Kisha akakuna kichwa. Nadhani aliona jinsi makosa yetu yatakavyokuwa mengi, akaingiwa na hofu. "Fuateni Somo la Nne. Humo hamna kosa hata moja."

Tukafuata. Tuliandika kwa mwandiko mzuri, bila kufuta wala kukata. Mwalimu alizipitia barua zote arobaini na moja, akafurahi sana. Kweli, hazikuwa na kosa hata moja.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Bahasha kubwa ilifika shuleni wakati kengele ya kurudi nyumbani inalia. Tulimzonga mwalimu mpaka akagawa barua pale pale mlangoni, bila hata kuzisoma. Kila mtoto alipata moja. Yangu ilikuwa na jina langu juu, kwa wino wa kijani.

Nilikimbia hadi kwa baba. Siku hiyo kwenye benchi alikuwapo dada mmoja muuguzi, mteja wetu wa siku nyingi. Alikaa peku, miguu juu ya kipande cha boksi, akisubiri viatu vyake vya kazini.

"Baba! Nimejibiwa!"

Baba alitema misumari yote mkononi. "Toka ng'ambo?"

"Toka ng'ambo!"

"Soma basi, tusikie."

Nilisoma kwa sauti yangu ile ile. Nilitamka kila neno. Nilipomaliza, baba aliuliza, "Sasa anasemaje?"

Nikakwama. Niliambulia maneno machache tu: mama, bibi, mguu, asante. Mengine yalinipita. Mwaka mzima nimejifunza lugha, nami nimeshika barua yangu mwenyewe mkononi, sijui imeniambia nini.

Dada muuguzi alinionea huruma. "Lete nikusaidie," alisema. "Lugha hiyo niliisoma chuoni."

Akasoma, akitafsiri pole pole.

"Rafiki yangu. Asante kwa barua yako. Mama yangu ni dereva wa basi. Tunakaa ghorofa ya nne, na lifti imeharibika tangu mwaka jana. Bibi tunakaa naye. Yeye hutushonea viraka na kutugombeza. Nimefurahi sana kujua kwamba baba yako ni daktari."

Dada alisita. Alinitazama mimi, kisha akamtazama baba.

"Endelea," alisema baba.

"Mguu wangu mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Nimezaliwa hivyo. Viatu vinaniumiza, na shuleni natembea huku nimeshika ukuta. Tafadhali mwulize baba yako daktari, je, kuna njia? Nasubiri jibu lako."

Kwa kinyozi mkasi ulikuwa ukisikika.

"Ndivyo ulivyoandika?" aliuliza baba. "Kwamba mimi daktari?"

"Ndiyo, baba. Ni Somo la Nne."

"Lile unaloniimbia kila siku?"

"Ndiyo, baba."

"Lile ninalowakalisha watu chini walisikilize?"

Baba alichukua kiatu cha dada muuguzi, akakifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Kumbe mwaka mzima," alisema, "unaniimbia sifa za baba mwingine."

"Fundi, mtoto hakukusudia," alisema dada muuguzi.

"Viatu vyako tayari, dada."

Kesho yake nilipitia kama kawaida. Baba hakuinua uso. "Leo hapa hakuna nafasi," alisema. "Nenda kakae na huyo daktari."

Kwenye benchi hapakuwa na mtu hata mmoja. Nilisimama kidogo, kisha nikaondoka. Njiani nililia bila kujificha.

Mama nilimkuta anapanga vitambaa kabatini. Alifanya kazi ya dobi hotelini, kutwa anapiga pasi mashuka ya wageni, na akifika nyumbani mikono yake haikujua kutulia. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku anakunja.

"Baba yako hajakasirika," alisema. "Ameumia. Hayo ni mambo mawili tofauti. Unajua kwa nini anapenda usome? Yeye anasoma kwa kuunga herufi tu, kila karatasi ikija lazima atafute mtu wa kumsomea. Alijua ukisoma wewe, utamsemea. Sasa umemsemea, na umemtaja mtu mwingine."

"Nitamwomba msamaha, mama."

"Utamwomba. Na yule mtoto wa watu anayeshika ukuta? Yeye utamwambia nini?"

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu kweli. Nikimwandikia ukweli, atajua mimi ni mwongo. Nisipomwandikia, atakaa anasubiri jibu la daktari asiyekuwapo. Na vyovyote nitakavyofanya, sikuwa na maneno ya kuandikia. Nilikuwa na Somo la Nne tu.

Asubuhi yake darasani kulikuwa na vurugu. Wenye ndugu wanaoijua lugha walikuwa wamesomewa barua zao, na kumbe kila mtu alikuwa na msiba wake. Mmoja aliombwa picha ya mbwa mweupe. Mwingine aliulizwa kama ziwani wanavua samaki. Mwenzangu wa kando, ambaye baba yake alifariki zamani, aliulizwa kama baba yake daktari hajambo. Yeye hakucheka na wenzake.

Mwalimu aliingia ameshika barua ya mwalimu mwenzake wa kule. Alitusomea sehemu moja tu.

"Watoto wangu wanashangaa. Barua zote arobaini na moja zinafanana. Wanauliza, je, ninyi nyote ni watoto wa baba mmoja?"

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Alitugeukia, akatuuliza kwa ile lugha ya kigeni, taratibu, "Baba yako anafanya kazi gani?"

Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Baba yangu ni daktari!"

Maneno yalitoka yenyewe. Hata mimi niliitikia, na huku machozi ya jana hayajakauka vizuri. Kisha tukatazamana, na kicheko kikatuishia.

Mwalimu aliweka kitabu mezani. "Kosa si lenu," alisema. "Ni langu. Mimi pia nilifundishwa hivi hivi, na nilidhani nawafundisha vizuri. Niliogopa mtakosea. Nikawapa maneno ya mtu mwingine, mkayapeleka ng'ambo kama yenu."

Sikuwa nimewahi kumsikia mwalimu akikiri kosa mbele ya wanafunzi. Nilipata ujasiri. Nikanyoosha mkono, nikamweleza habari za mguu wa rafiki yangu. Nikamweleza na habari za baba.

Mchana ule mwalimu alikuja nami kibandani. Nilitembea nyuma yake, nimejibanza.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mwalimu." Baba alimpa mkono, lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye kiatu cha mwalimu. Soli ilikuwa imefunguka mbele, inapumua. "Vua hicho," alisema.

"Sikuja kwa ajili ya kiatu, fundi."

"Najua. Vua tu. Siwezi kusikiliza huku nakiangalia."

Mwalimu akavua, akakaa kwenye benchi na soksi moja. Baba akaanza kushona. Mwalimu akaanza kuongea.

"Binti yako hakukukana. Mimi ndiye niliyemwambia aandike vile."

"Mwalimu, mimi sikusoma, lakini naomba nikuulize. Hii lugha ya watu mnawafundisha ili iwe nini? Ili tujifanye madaktari?"

"Hapana. Mtu anajifunza lugha ya mbali ili amwambie mtu wa mbali jambo lake, na asikie la mwenzake. Mimi nimewafundisha kutoa sauti. Kuambizana sijawafundisha."

Baba alivuta uzi. "Na huko kwao, wanataka kusikia habari za fundi viatu?"

"Fundi, mtoto wa kule amemwambia binti yako kwamba lifti yao imeharibika na bibi yake anashona viraka. Hakujifanya. Yeye alitaka kujuana."

Baba alishona mishono mitatu, minne. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mguu wenyewe umepungua kiasi gani?"

Mwalimu alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. "Hatujui," alisema.

"Hamkuuliza? Mtu ana mguu mfupi, jambo la kwanza ni kuuliza mfupi kiasi gani." Baba aliweka kiatu chini. Ile sauti yake ya kazi ilikuwa imerudi. "Kwanza aonwe na daktari. Daktari wa kweli, wa kwao. Akisema mguu wenyewe hauna ubaya mwingine, basi ni kazi ya soli. Mimi nimeshapandisha soli za watu watatu mtaa huu huu. Mmoja wao amecheza harusini mwake. Lakini sitengenezi kiatu cha mguu nisiouona. Huko hakuna fundi viatu?"

Nilitaka kusema hayuko. Sisi darasani tuliamini kwamba nchi zile kiatu kikichanika hutupwa, kikanunuliwa kingine.

"Yuko," alisema mwalimu. "Kila mahali watu wanatembea, viatu vinachakaa."

"Basi aandikiwe yeye. Fundi kwa fundi tutaelewana."

"Njoo uwaeleze watoto darasani, fundi. Wao watayaandika."

"Mimi? Darasani?" Baba alicheka kidogo, kwa aibu. "Mwalimu, mara ya mwisho kuingia darasani nilitolewa kwa kulala."

"Safari hii hatukutoi. Njoo na begi lako la kazi."

Alikuja. Alivaa shati lake la sikukuu, na mama alikuwa amelipiga pasi mpaka likawa kama karatasi. Alikalishwa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Niliogopa watamcheka, na niliogopa zaidi kwamba hatanitazama.

Mwalimu alitoa vifaa vya baba kimoja kimoja, akaviinua juu. Nyundo. Msharasi wa kutobolea ngozi. Uzi uliopakwa nta. Kipande cha soli. Shule nzima ilikuwa na kamusi moja tu, tukaipokezana. Kila jina tulilolipata tuliliandika ubaoni kwa lugha yetu na kwa lugha ya kigeni. Lingine hatukulipata, tukachora.

"Ulizeni," alisema mwalimu. "Anayeuliza vibaya ni bora kuliko anayenyamaza vizuri."

"Unajuaje soli ipande kiasi gani?" aliuliza mmoja.

Baba alisimama. Alimwita mtoto mfupi kuliko wote, akamvua kiatu kimoja, akamwambia asimame. Mtoto aliinama upande mmoja. Baba akachukua daftari, akaliweka chini ya ule mguu mtupu. Akaongeza la pili. Akashika nyonga za mtoto kwa mikono miwili.

"Tazameni kiuno. Bado. Ongeza moja. Sasa? Kiuno kimelala sawa. Hapo unatoa madaftari, unayapima unene. Unene huo ndio unampelekea fundi."

Watoto wote walitaka kupimwa. Madaftari yalizagaa darasa zima. Somo la lugha halijawahi kuwa na kelele namna ile, na mkuu wa shule alichungulia dirishani, akaona fundi viatu amepiga magoti katikati ya watoto, akaondoka bila neno.

Barua tuliiandika kwa siku tatu. Kila mtu alitoa maneno yake. Tulikosea, tukafuta, tukaandika tena. Mwalimu hakutupa sentensi hata moja. Alitupa maneno tuliyomwomba. Lakini mwanzo wa barua uliachwa kwangu. Siku ya tatu baba alikuja kuangalia mchoro wa soli kama uko sawa, mwalimu akaniambia nisome.

Nilisoma kwa lugha ya kigeni kwanza. Kisha nikamgeukia baba, nikamwambia kwa lugha yetu, na sauti yangu kubwa siku hiyo sikuiona ilipo.

"Rafiki yangu. Nilikuandikia uongo, nisamehe. Baba yangu si daktari. Baba yangu ni fundi viatu. Yeye anaujua mguu wako kuliko mimi ninavyoijua lugha hii. Soma anayokuambia."

Baba alikohoa. Akatazama ubao muda mrefu, kama anayesoma yale maneno ya kigeni. Tulipotoka nje alinishika bega.

"Twende zetu," alisema. "Benchi linakungoja."

Nililia tena njia ile ile. Na furaha nayo ina machozi mengi, hasa ukiwa na miaka kumi na miwili.

Tangu hapo darasa letu lilibadilika. Vitabu hatukuvitupa. Mwalimu alisema kitabu ni cha kukuonyesha njia, lakini habari lete ya kwenu. Kila asubuhi tulianza kwa kuulizana maswali ya kweli, wawili wawili. Umeamkaje? Jana ulifanya nini? Kila Ijumaa tulisoma barua moja ya kule, na kila tulilodhani juu ya watu wale tuliliandika ubaoni kwanza, ndipo tukawauliza kama ni kweli. Mara nyingi halikuwa kweli. Nao walituuliza sisi, na tukagundua wanatudhania mambo ya ajabu zaidi.

Wazazi waliitwa kikaoni. Baadhi walilalamika. "Sisi hatuijui lugha hiyo, tutawasaidiaje?"

Mwalimu aliwajibu, "Msihangaike na lugha. Mpeni mtoto jambo la kusema. Mwonyesheni kazi zenu. Akirudi, msimwulize amekariri nini. Mwulizeni leo amemweleza nani, na ameelezwa nini."

Mama alilichukua jambo hilo kwa moyo wote. "Mwandikie rafiki yako," aliniambia, "kwamba mama yako anapiga pasi mashuka hamsini kwa siku, na wewe sare moja tu inakushinda."

Nikaandika. Ilinichukua jioni nzima kutafuta neno la pasi.

Rafiki yangu hakuninunia. Alijibu kwamba alicheka mpaka bibi yake akaja kuuliza kuna nini. Daktari wao alikuwa amempima, akakubali shauri la soli. Unene ulikuwa madaftari manne. Fundi wa kwao aliambatanisha karatasi yenye mchoro na swali moja: soli ipandishwe kisigino tu, au na mbele? Baba alilichekea swali lile kwa raha. "Huyu ni fundi," alisema. "Anauliza kunakoulizwa." Tukajibu: na mbele pia, ila pungufu kidogo, mguu usisukumwe.

Kisha tukasubiri. Miezi ilipita, mtihani ukaja, likizo ikaja. Baba aliniuliza kila wiki, akijifanya hajali.

Siku barua ilipofika, mwalimu mwenyewe aliileta kibandani. Niliinuka haraka, nikanyoosha mkono nimsomee baba, kama nilivyozoea.

"Si yako," alisema mwalimu. Akampa baba.

Juu ya bahasha, kwa wino wa kijani, palikuwa na maneno mawili ya lugha yetu: Fundi Viatu.

Baba alifuta mikono yake kwenye aproni, mbele na nyuma. Akaifungua polepole. Ndani ilikuwa karatasi moja. Rafiki yangu alikuwa amemwomba mwalimu wake amtafutie kamusi ya lugha yetu. Alikuwa ameandika neno kwa neno, herufi kubwa kubwa, zimeachana. Hakutaka baba asomewe.

Baba aliweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Fundi," alisoma. "Kiatu... hakiumi. Leo... nimetembea... katikati... ya njia."

Akarudi mwanzo.

Mteja mmoja aliingia na viatu mkononi, akasimama mlangoni. "Fundi, nina haraka, niangalizie hii soli."

"Kaa hapo kwanza," alisema baba, bila kuondoa kidole chake. "Nasoma barua yangu."